Vitumbua Sita

Asubuhi naloweka mchele, jioni unasagwa pamoja na tui la nazi, iliki na hamira, usiku unalala ukiumuka, na kabla ya adhana ya alfajiri chuma kimeshapanda jikoni. Kila siku natoa vitumbua 80. Nauzia hapa hapa barazani kwetu, Ngamiani, Tanga, kimoja shilingi 200, na wateja wangu wengi ni watu wa baiskeli wanaowahi kazini. Hesabu naiandika kwenye kaunta buku, kwa sababu marehemu mama alinifundisha kwamba biashara isiyoandikwa huliwa na watu wa nyumbani.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, hesabu ikaanza kugoma. Vinatoka 80, fedha inayorudi ni ya 74. Siku ya kwanza nikadhani nimekopesha mtu nikasahau. Siku ya pili nikahesabu mara mbili kabla ya kufunika beseni, nikauza kwa macho makavu, na bado ikawa 74. Wiki ikaisha hivyo, vitumbua sita kila siku, sita kamili, wala si vitano wala saba. Shilingi 1,200 kwa siku, 6,000 kwa wiki. Jumamosi na Jumapili hapakuwa na upungufu. Hilo peke yake lingetosha kunifumbua macho, lakini nilikuwa nimeshamchagua mwizi wangu, na mtu akishachagua haangalii tena kalenda.

Nyumba yetu ina watu sita. Mume wangu ni fundi baiskeli. Mama mkwe analala chumba cha mbele. Kaka yangu yuko nasi tangu kazi ilipomwishia. Alikuwepo dada wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka kijiji kimoja cha Lushoto, aliyekuwa ametimiza mwaka wa pili kwetu. Halafu mimi na mwanangu, wa kiume, miaka 10, Darasa la Nne.

Mwanangu ana kigugumizi. Maneno mengine humtoka kama maji, mengine hushikwa mlangoni. Herufi ya kwanza inagonga, inagonga tena, mabega yanapanda, jicho moja linafumba, kisha neno linatoka au linafia humo humo. Akisoma Kurani chuoni pamoja na wenzake hapotezi hata herufi moja. Akiimba pia. Ni pale anapotakiwa kusema jambo lake mwenyewe, mbele ya mtu anayemngoja, ndipo ulimi unapofunga. Bibi yake anashikilia kwamba alitekenywa sana akiwa mchanga. Wataalamu wa usemi hawasemi hivyo. Wanasema kigugumizi kinahusiana na namna ubongo unavyopanga usemi, na kwamba mara nyingi kinatembea katika ukoo. Katika kila watu wazima 100 duniani, mmoja hivi anacho. Kwetu kilikuwa kwa babu yake mdogo, aliyekufa na sifa ya mtu mkimya. Leo najiuliza kama kweli alikuwa mkimya, au alichoka tu kukatizwa.

Jioni moja nikawaita wote uani. Nikafungua kaunta buku, nikasoma tarehe na upungufu. Dada aliinama anaosha sufuria. Nikamuuliza mbele ya watu kama yeye anajua vitumbua vinakokwenda. Akasema, "Mama, mimi sijui." Nikasema mwenye kujua kila kitu cha jikoni hawezi kutojua hili. Hapo mwanangu akasimama. Uso umemwiva, mikono ameikunja. Akaanza: "A-a-ana-chu-chu-chu..."

Nikammalizia. "Anachukua yeye? Anachukua dada?"

Akatikisa kichwa, lakini mimi nilikuwa nimeshageuka. Nilisikia nilichotaka kusikia. Akajaribu tena, "A-a-a..." nami nikasema basi mwanangu, nimekuelewa, kaa. Akakaa. Dada hakulia wala hakubisha. Usiku alikunja nguo zake, na asubuhi alfajiri akapanda daladala ya stendi ya Kange na begi lake la mistari, mshahara wake mkononi. Nilimkata shilingi 12,000, thamani ya vitumbua vya wiki mbili. Hilo nitalieleza mbele ya Mungu, na nimeanza kwa kulieleza hapa.

Siku ile ile, vitumbua vikawa 74.

Sikumwita mtu uani tena. Kesho yake nilimwamsha mwanangu mapema, nikamkalisha kwenye kibao cha mbuzi karibu na jiko, taa imezimwa, mwanga ni wa mkaa tu. Nikamwambia, "Mimi nakaanga. Wewe sema unapoweza. Sitasema neno mpaka uniambie umemaliza." Nikamgeuzia mgongo kidogo ili macho yangu yasimsukume. Chuma changu kina mashimo saba. Nilikaanga vyuma vitatu, vitumbua 21, yeye akisema maneno ambayo mtu mwingine angeyasema kabla mafuta hayajapata moto.

Vitumbua sita vilikuwa vinachukuliwa na kijana wa Darasa la Sita, mtoto wa jirani yangu tunayepakana naye ukuta. Anamngoja kwenye kona ya kinyozi. Vitatu vyake, vitatu vya wenzake wawili. Malipo ni ya nini? Ili wasimwite jina. Na jina hilo ni Pikipiki, ile mbovu unayoipiga kiki na kuipiga kiki, inakohoa haiwaki. Siku aliyofika na vitano, walimpandisha juu ya dawati wakati wa mapumziko wakamwambia ataje jina lake halisi. Kila herufi ya kwanza ilipogonga, darasa zima lilihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Siku hiyo walifika 14.

Nilijaza chuma tena. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema, kabla dada hajaondoka. Akanitazama.

"Ni-nilisema, mama. U-uka-malizia wewe."

Vitumbua vya chuma kile viliungua. Sikuwa na nguvu ya kuvigeuza.

Sasa kila mmoja nyumbani akaleta dawa yake. Mume wangu alitaka kwenda kona ya kinyozi na mnyororo wa baiskeli, amwonyeshe kijana huyo kazi. Nilimshika shati. Mtu mzima akimtisha mtoto wa watu njiani, kesi inageuka, na mtoto wetu anabaki pale pale kwenye kona. Mama mkwe akaja na asali ya kupaka chini ya ulimi, akampaka siku tatu, na mtoto aliipenda sana asali. Kaka yangu akasema dawa ya ubabe ni ngumi. Akajaza pumba kwenye kiroba, akakitundika kwa kamba ya katani kwenye mpera wetu wa uani, akamfundisha mpwa wake kurusha mkono wa kulia. Kamba ya katani haikukatika. Lililokatika ni tawi la mpera. Kiroba kikaangukia ndoo ya unga uliokuwa ukiumuka kwa ajili ya kesho yake, na vitumbua 80 vikamwagika mchangani kabla havijapata kuwa vitumbua. Kuku walikula wakashiba, mimi nikafunga biashara siku nzima.

Hata hivyo somo lilikuwa limemwingia. Jumatatu alirusha ngumi karibu na bomba la shule. Kijana wa Darasa la Sita aliinama, ngumi ikapiga bomba. Mwanangu alirudi na kidole cha kati kimevimba kama mhogo mchanga, na alama za viboko viwili vya kupigana shuleni. Mwalimu wa zamu aliona ngumi ya mwisho. Vitumbua vya mwezi mzima hakuviona. Ndivyo ilivyo mara nyingi kwa mtoto anayeonewa: siku anayojibu ndiyo siku anayoonekana.

Nakiri pia jambo ambalo halikuniruhusu kulala. Jirani yangu ndiye kijumbe wa upatu wetu. Tuko wanawake 10, kila wiki kila mmoja anatoa shilingi 20,000, na zamu yangu ilikuwa wiki mbili mbele. Fedha ile nilikuwa nimeshaipangia, ninunue mashine ya kusagia niachane na foleni ya mashineni. Tumepakana ukuta miaka 11. Alinishika mkono nilipokuwa nazaa. Kijana wake ndiye hunipokea ndoo ya maji akinikuta njiani, hunipa shikamoo ya kunyenyekea, nami siku zote nilimpa kitumbua kwa adabu yake. Nilikaa siku tatu bila kugonga mlango ule. Siku tatu ambazo mwanangu alikwenda shule na vitumbua sita mfukoni, na safari hii mimi mwenyewe nilimfungia kwenye gazeti, ili tu asipandishwe dawati. Nililipa kodi ile kwa mkono wangu.

Siku ya nne nilikwenda, mchana, na mtoto wangu. Jirani alinikaribisha ukumbini, akaleta maji. Nilimweleza pole pole. Akasema, "Shoga, mwanangu huyu huyu anayekupokea ndoo?" Nikasema huyo huyo. Uso ukambadilika. Akamwita. Kijana akaja, akatoa shikamoo, akasimama wima. Mama yake akamuuliza kama ni kweli anamwita mwenzake Pikipiki.

Kijana hakukana. Akasema, "Jina si langu mimi. Mjomba wake ndiye anayemwita hivyo, pale barazani. Na wote wanacheka."

Ukumbi mzima ulinyamaza. Nilitafuta neno la kumjibu nikalikosa, kwa sababu alisema kweli. Kaka yangu alimwita mpwa wake Pikipiki tangu akiwa na miaka sita. Alimwita kwa mapenzi, akimngoja amalize neno, "haya Pikipiki, washa, washa." Wateja walicheka. Bibi yake alicheka. Mimi nilicheka. Mtoto mwenyewe alicheka, na kicheko hicho tukakichukua kuwa ruhusa. Kijana wa jirani alikuja kununua vitumbua vya mama yake, akalisikia jina, akalibeba shuleni kama alivyobeba ndoo yangu. Lilitoka nyumbani kwetu likiwa utani, likamrudia mwenyewe likiwa mzigo wa vitumbua sita.

Watu wa pwani tunapenda utani, na utani ni sehemu ya kuishi pamoja. Lakini utani una wawili: leo unanitania, kesho nakutania, tukimaliza tumelingana. Dan Olweus, mtaalamu wa saikolojia aliyefanya kazi zake Bergen, Norway, na aliyeanza kulichunguza jambo hili shuleni tangu miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa alama tatu: unafanywa kwa kusudi, unarudiwarudiwa, na anayefanyiwa hana nguvu sawa ya kujitetea. Pima kwa alama hizo. Mtoto asiyeweza kutoa neno kwa haraka hana jinsi ya kurudisha utani. Na si jambo la mtaa wetu tu. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2019 ilieleza kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika mwezi uliotangulia.

Tulianzia nyumbani. Usiku ule kaka yangu alikaa chini, kwenye mkeka, akawa chini ya kimo cha mpwa wake, akasema, "Mjomba nimekukosea. Nisamehe." Sijawahi kumwona kaka yangu akimwomba radhi mtu aliyemzidi umri, sembuse mtoto. Tukawekeana sharti moja: hakuna wa kummalizia sentensi. Wala wa kumwambia "tulia," "vuta pumzi," "sema polepole." Anayemsikiliza amtazame kwa utulivu angoje. Ni sharti gumu kuliko linavyosikika. Mama mkwe lilimchukua wiki mbili, na mume wangu huuma mdomo wa chini mpaka leo.

Kisha shule. Nilikwenda na kaunta buku yangu, tarehe zote zimo. Mwalimu mmoja akasema jambo dogo, aletwe kijana achapwe mbele ya mstari, liishe. Nikakataa. Kanuni za viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule, na mwanangu alikuwa ameshaonja viwili. Nilisema kijana akichapwa mbele ya watu kwa ajili ya mwanangu, kesho kwenye kona ya kinyozi nani atakuwepo? Mwalimu wa malezi, mama mtu mzima, akanivuta pembeni, akanikalisha darasani kwake na kuniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza: waliokuwa wakihesabu ni akina nani?

Swali lile lilikuwa ndilo. Aliyempandisha dawati ni mmoja, na wapambe wawili. Waliohesabu mpaka 14 ni darasa zima. Christina Salmivalli wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu darasani una washiriki wengi: yupo anayeanza, wapo wanaosaidia, wapo wanaochochea kwa kicheko, wapo wanaotazama, na wapo wachache wanaomtetea mwonewa. Kicheko ndicho mshahara wa mwonevu. Ukikikata, kazi inakosa malipo. Mwalimu wa malezi hakumtaja mwanangu hata mara moja. Alikaa na Darasa la Nne vipindi viwili vya Ijumaa, akawauliza kila mmoja amewahi kucheka nini ambacho moyoni hakikumchekesha. Kijana wa Darasa la Sita akamwita peke yake, na mama yake peke yake. Akanipa namba 116 pia, Huduma ya Simu kwa Mtoto, isiyotozwa malipo, akasema niibandike ukutani mahali ambapo mtoto anaifikia, si mahali ambapo mimi naiona.

Lakini aliyemgusa mwanangu hasa ni ustadhi wa chuoni. Nilimweleza yote. Jioni ile aliwasimulia watoto habari ya Nabii Musa: jinsi alivyotumwa kwa Firauni, mtu mwenye nguvu kuliko wote, naye ana fundo katika ulimi. Musa hakumwomba Mola ngumi. Aliomba kifua chake kikunjuliwe, fundo lifunguliwe, na apewe ndugu yake Haruni wa kwenda naye. Ustadhi akafunga kitabu, akauliza, "Nani hapa ni Haruni wa nani?"

Binti mmoja wa Darasa la Nne, wa barabara ya pili kutoka kwetu, alianza kupita nyumbani kila asubuhi. Hakutumwa na mtu. Anasimama barazani, anasema tu, "Twende." Wanapita kona ya kinyozi pamoja. Mwanzoni mwa mwezi wa tano kijana aliwasimamisha. Mwanangu alijaribu kumwambia kwamba hana kitu, neno likakwama. Binti hakumsemea. Alisimama pembeni yake, akangoja neno litoke, na lilipotoka wakaondoka. Aliyenihadithia ni kinyozi, aliyekuwa ameshika mashine mkononi na mteja nusu kichwa.

Lushoto nilikwenda siku ya Jumapili. Ukifika Mombo unaiacha barabara kuu, basi linaanza kupanda milima, masikio yanaziba. Nilibeba doti ya kanga, shilingi 12,000 zake na mshahara wa mwezi aliokosa. Nilimkuta shambani kwa mama yake anavuna kabichi. Niliomba radhi mbele ya mama yake na wadogo zake, kwa sababu aibu nilimpa mbele ya watu. Alipokea fedha. Kanga aliipokea baada ya mama yake kumwambia. Kurudi alisema atafikiri, na nilimwambia ana haki hiyo. Alirudi baada ya wiki tatu. Wa kwanza kumkimbilia alikuwa mwanangu, akamshika kanga, akasema sentensi yake yote, na dada akangoja mpaka nukta.

Upatu wangu niliupata siku yake. Kijumbe hakuuleta mwenyewe, alimpa mwenzetu mwingine aulete. Mwaka huu ameanza tena kuniitikia salamu, bado hatuombani chumvi kama zamani. Kijana wake yuko Darasa la Saba, anapita barazani, anatoa shikamoo, namwitikia. Kitumbua ananunua.

Mashine ya kusagia ninayo. Vitumbua ni 80 bado, na kwenye kaunta buku vinasomeka 78 kila siku ya shule: kimoja cha mwanangu, kimoja cha binti anayempitia. Jina lile bado analisikia mara mojamoja uwanjani. Ndani ya nyumba yetu halitamkwi tena.